Shati Lenye Kiraka na Bao la Pili

Nyinyi mnaoandika habari za mpira sasa, na hasa wale watatu mlioachiwa meza yangu, someni hii mkiwa mmekaa. Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi miaka yote hiyo. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Mshahara ulikuwa mdogo, na cheo kilikuwa kimoja tu, nilichopewa siku ya kwanza na kukirudisha mwezi uliopita. Nitaandika nilivyoingia, kwa sababu nimewaona mnavyoingia nyinyi, na hakuna aliyewauliza swali moja la maana.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza chuo cha Kurani hapa Gisenyi, nikakaa miaka miwili shuleni kujifunza herufi za Kizungu, kisha baba akafa na shule ikaishia hapo. Nikapelekwa kwa mjomba wangu Ramadhani, fundi wa nguo, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja upande wa soko. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa sindano. Alinipa kigoda.

“Kaa. Yule anayepita, kifua chake ni sentimita ngapi?”

“Mjomba, nitajuaje bila kumpima?”

“Ndiyo kazi yenyewe hiyo.”

Nilikaa kwenye kigoda kile miezi mingi nikiwapima watu kwa macho. Nikisema tisini na sita, mjomba alimwita yule mpita njia, akampitishia utepe kifuani kwa adabu na kumwomba radhi. Nikikosea kwa zaidi ya sentimita mbili, chai ya saa nne sipati. Nilikonda kidogo mwaka ule, lakini macho yalipata akili. Nilifika mahali pa kumtambua mtu kwa mgongo, kwa bega lililoshuka, kwa mkono mmoja kuuzidi mwenziwe. Wengi wana mkono mmoja mrefu, hawajui tu.

Kosa langu kubwa la ufundi lilikuwa koti la arusi la mvuvi wa Rubona. Nilikata mikono mifupi, na kitambaa hakikuwa na ziada. Nikataka kuunga kipande ndani ili kasoro ifichwe na pindo. Mjomba alinitazama, akaondoa mguu kwenye cherehani.

“Nenda Rubona ukamwambie.”

“Nikamwambie nini?”

“Kwamba umelikata. Umwambie kabla hajalivaa.”

Nikaenda kwa miguu, jua kali. Yule mvuvi alinitukana mbele ya mashua tatu, kisha akaniuliza kama naweza kumshonea kizibao kutokana na koti hilohilo. Nilirudi nikiwa na hasira na mjomba zaidi ya mvuvi. Liwekeni kando hilo koti, mtalihitaji mbele.

Mpira niliingia kwa njia ya cherehani. Timu ya mji ilikuwa na mashati kumi na moja ya kijani, si kumi na mbili. Mimi ndiye niliyeyashona, na kila Jumapili baada ya mchezo yalirudi kwetu yakiwa yamefungwa kwenye shuka, yashonwe na kufuliwa. Hayakuwa na namba. Hayakuwa na haja ya namba, maana niliyajua yote kwa mshono. La Sefu, mshambuliaji wetu, lilikuwa na kiraka begani, kijani iliyoiva zaidi, kwa sababu kitambaa cha kwanza kiliisha sokoni. Kiraka kile ungekiona kutoka ng’ambo ya uwanja.

Mwanamke kwenda uwanjani halikuwa jambo la kawaida. Mjomba alinipatia ruhusa kwa ujanja: aliwaambia viongozi wa timu kwamba mashati yakichanika katikati ya mchezo watahitaji fundi karibu. Basi nikawa nakaa nyuma ya goli la upande wa mikaratusi, pamoja na kina mama waliouza karanga na ndizi, kopo la uzi mapajani. Niliolewa na Idi, dereva wa lori la Ruhengeri, bado nikikaa pale. Nilimzaa Hawa, nikakaa pale na Hawa mgongoni. Watu walizoea.

Siku hizo gazeti la Kiswahili lilitujia kwa meli kutoka Bukavu, limeshachakaa kwa kusomwa njiani. Nilikuwa nikisoma habari za mpira kwanza, na mara nyingi nilizisoma nikigombana nazo. Waliandika kwamba watu wa Gisenyi walicheza kwa moyo wote na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Nani alitoa pasi? Nani alianguka? Hakuna. Mtu aliyeandika hayo angeweza kuwa kitandani kwake. Nikaanza kuandika michezo kwenye daftari la vipimo, nyuma ya ukurasa wa vifua na viuno, bila kumwonyesha yeyote. Nilitaka kazi ile. Niseme wazi: sikuwahi kutaka kitu namna ile, hata Idi sikumtaka hivyo, na yeye anajua.

Ndipo gazeti likatangaza kwamba linatafuta mwandishi wa mpira wa Gisenyi. Mhariri, bwana mmoja aliyeitwa Anaklet, angefika kwa meli Jumamosi. Jumapili wanaoomba kazi wangetazama mchezo wetu na timu ya Goma, waandike, wampelekee karatasi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jumatatu asubuhi, kabla meli haijaondoka, angewaita mmoja mmoja. Nyinyi mnaita usaili. Sisi tulisema kuulizwa.

Nilikuwa na siku nane za kujitayarisha, na kila mtu alikuwa na shauri. Wifi yangu Mwajuma alisema nivae kitenge kipya, mtu wa Bukavu anaangalia nguo. Jirani alinifundisha sentensi tatu za Kifaransa, ya kwanza ikiwa kwamba nimefurahi sana kumwona, jambo ambalo lingekuwa uongo. Idi alisema nisitaje kwamba nina mtoto. Mjomba peke yake alinitayarisha kwa kazi. Aliweka vifungo kwenye meza ya kukatia, ishirini na viwili, akavisogeza kwa haraka kama mchezo, kisha akavifunika kwa kitambaa.

“Kifungo cheupe kilikuwa wapi kabla ya goli?”

“Kulia.”

“Kulia kwa nani?”

Tulifanya hivyo kila siku baada ya alasiri. Siku ya tano nilikuwa nakosea kimoja tu. Alifunua kitambaa, akasema, “Sasa mwombe Mungu wasije wakavaa kofia.” Alikuwa na mzaha wa namna hiyo, mmoja kwa wiki.

Jumapili tulikuwa watatu. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Bugeshi, na Faustin, karani mwenye mwandiko mzuri kuliko uso wake, na mimi. Hao wawili walipewa viti karibu na wakubwa, penye mstari wa katikati. Mimi nilikwenda mahali pangu nyuma ya goli, na kopo langu. Hakuna aliyenikataza kukaa penye viti. Hakuna aliyenikaribisha pia, na mimi sikuomba. Hilo ni kosa la kwanza.

Nusu ya kwanza tulifunga bao moja, mbele yangu kabisa, nikaliona kama ninavyoona kidole changu. Yalipofika mapumziko, nikaingia ua wa jirani kuswali alasiri. Nilirudi mpira umeshaanza. Sasa timu yetu ilikuwa inashambulia goli la mbali, na mimi nilibaki nyuma ya kipa wetu, jua machoni. Ikabaki kidogo mchezo kwisha, kule mbali, miguu mingi, vumbi, kisha kijani yenye kiraka ikachomoka peke yake na mpira ukawa ndani. Mabao mawili kwa moja, maana Goma walikuwa wamesawazisha. Kina mama walirusha maganda ya karanga hewani. Mimi nikaandika: Sefu.

Nilikimbia barazani kuandika kwa kalamu nzuri. Nilikuwa katikati ya ukurasa wa pili Faustin alipopita, jasho limemtoka, akavua kofia.

“Shikamoo mzee Ramadhani. Mama Hawa, nisaidie. Nyinyi munawajua hawa watu kwa majina. La pili nani kafunga? Mwenye kiraka?”

“Mwenye kiraka ni Sefu,” nikasema, bila kuinua kichwa. Niliona fahari kuulizwa na karani.

Karatasi zikapelekwa zote. Yangu ilikuwa kurasa tatu, na bao la pili lilichukua nusu ya ukurasa, jinsi Sefu alivyojipinda, jinsi Sefu alivyomhadaa beki. Niliandika vizuri sana. Mnajua wenyewe raha ya sentensi inayokwenda bila kusukumwa.

Kabla ya magharibi Sefu mwenyewe alikuja na shuka la mashati. Alikuwa anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama embe.

“Karibu,” nikamwambia. “Bao zuri, lakini mguu umelipa.”

Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. “Bao gani, mama? Mi nilikuwa nimekaa chini, mguu iko ndani ya ndoo ya maji! Niliumia mapumuziko imekaribia. Kaberuka ndiye aliingia nusu ya pili.”

“Kaberuka yupi?”

“Yule wa Mudende, muuza viazi. Shati lingine hakuna, nikamuvulia langu.”

Nilifungua shuka. Shati lenye kiraka lilikuwa limepasuka chini ya kwapa zote mbili na ubavuni. Sefu alikuwa na kifua cha themanini na nane. Nyama yake isingepasua hata mfuko wa karatasi. Aliyevaa shati lile alikuwa na mia moja na nne, pengine na tano, na mimi, niliyekosa chai mwaka mzima kwa kujifunza vifua vya watu, nilikuwa nimesoma kiraka na kuacha mwili.

“Umeandika mi?” Sefu akauliza, akaona uso wangu. “Aa, bon! Acha hivyo hivyo. Mi sitakataa. Kaberuka hasomi gazeti, hata kusoma hajui. Nani atamwambia?”

“Nenda kakande mguu wako,” nikasema.

Mjomba alikuwa anasikia yote. Nilimngoja aseme. Alikuwa anapaka mafuta cherehani, tone moja, tone moja. Nikasema mimi: karatasi tayari iko kwa mhariri. Nikasema: na Faustin ameandika vilevile, kwa hiyo ni wawili, atatuamini. Nikasema: nikijisema kesho, kazi anapewa mwingine, na nafasi kama hii hairudi. Mjomba akafuta mikono.

“Ile njia ya Rubona bado unaikumbuka?” akauliza. Kisha akaenda kutawadha.

Sikulala vizuri, na zaidi ya hapo sitaandika.

Jumatatu Bwana Anaklet alituita katika chumba kimoja karibu na gati. Alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikioni, uzi mbaya, nilitamani kuubadilisha. Mwalimu aliingia kwanza, akatoka upesi. Yeye aliandika “mchezaji mmoja hodari” kila mahali, bila jina hata moja. Faustin aliingia, akakaa sana, akatoka anatabasamu. Nami nikaingia na kitenge changu kipya. Sentensi tatu za Kifaransa zilikuwa zimeshatoroka zote.

“Keti, mama. Nani alikufundisha mpira?”

“Sindano.”

Aliinua miwani, akaishusha. Alikuwa ameweka karatasi yangu upande mmoja na ya Faustin upande wa pili. “Hii yako nimeisoma mara mbili. Hasa bao la pili. Na bwana Faustin anasema vilevile, ni Sefu. Donc nina mashahidi wawili.”

Meli ilipiga honi ya kwanza. Ningeweza kunyamaza tu. Sikuhitaji hata kusema uongo, kunyamaza kungetosha, na hapo ndipo wengi wenu mngenyamaza.

“Huna wawili,” nikasema. “Una mmoja. Yeye aliniuliza mimi.”

“Na we ulimuuliza nani?”

“Shati.”

Hakucheka. Akachukua kalamu. “Eleza.”

Nikamweleza. Kiraka, ndoo, kwapa zilizopasuka, mtu wa Mudende. Nikamwambia mpaka la kuswali, kwamba mwanzo wa nusu ya pili sikuwapo kabisa. Alisikiliza akiwa ametazama dirishani, kama mtu anayehesabu mizigo.

“Ulikuwa umesimama wapi bao likifungwa?”

“Nyuma ya goli letu, penye wauza karanga.”

“Yaani uwanja mzima kati yako na bao.”

“Ndiyo.”

“Na yule Kaberuka, alijipinda hivi ulivyoandika? Akamhadaa beki?”

“Hilo nililitia mimi. Niliona vumbi.”

Akavuta mstari juu ya nusu ukurasa wangu. Mstari mmoja mnene, kutoka juu hadi chini. Nimekatwa maneno mara nyingi baada ya hapo, hakuna uliouma kama ule. Honi ikalia ya pili. Akakunja karatasi zote, akasimama, akasema, “Asante, mama, tumemaliza,” akateremka kwenda melini bila kuniambia neno lingine. Faustin alikuwa nje. Nilimwambia bao halikuwa la Sefu, na kwamba nimeshamwambia mhariri. Akanitazama kama nimempasulia suruali hadharani.

“Sasa kwa nini uliniambia ni yeye?”

“Kwa sababu uliniuliza mimi, na wewe ulikuwa na kiti.”

Wiki mbili zilipita kimya. Nilishona vifungo. Mwajuma alisema nilijiharibia mwenyewe, na alisema mara nyingi, kwa sababu anapenda kurudia. Mjomba aliendelea kukata vitambaa. Siku moja alinipa chai ya saa nne kabla ya saa nne.

Kisha gazeti likaja. Idi ndiye aliyelileta kutoka gatini, amelifungua tayari, anasoma huku anatembea. Habari ya mchezo wetu ilikuwa fupi. Nusu ya kwanza yote ilikuwa maneno yangu, hayajaguswa. Kisha ikafuata hivi: “Bao la pili lilifungwa mbali na alipokuwa mwandishi wetu, naye hakuuona uso wa mfungaji. Sefu, aliyetoka kwa kuumia na kumpa mwenziwe shati, asema mfungaji ni Kaberuka wa Mudende.” Na chini kabisa: “Kutoka kwa mwandishi wetu wa Gisenyi.”

Nilisoma mstari wa mwisho mara nyingi. Barua ya kazi ilikuja kwa meli iliyofuata, lakini mimi nilijua kwa mstari ule. Mji nao ulijua, kwa namna yake. Sokoni waliniita mwandishi asiyeona. Muuza samaki mmoja alinishika mkono, akanielekezea kapu lake: “Mama Hawa, njoo karibu, hapa ni samaki, uandike vizuri!” Ilichukua muda mrefu kwisha. Bado kuna wazee wachache wanaoniita hivyo.

Kaberuka aliteremka kutoka Mudende siku ya soko, kapu la viazi kichwani, akauliza kwa mwenye gazeti ni wapi. Mia moja na tano, nilimpima akiwa bado njiani. Alitaka asomewe. Nikamsomea. Akataka tena, nikamsomea tena. Akashusha kapu chini.

“Kwa nini hukusema nilipiga na mguu wa kushoto?”

“Sikuona.”

“Si mi nakuambia sasa?”

“We ulikuwa unapiga, hukuwa unatazama. Niletee aliyekuwa ametazama.”

“Yebaba we,” akasema, “mwanamuke huyu ni mugumu.” Lakini aliacha viazi, na Jumapili iliyofuata alikuja na kipa wa Goma mwenyewe, amemvuta kwa mkono wa shati mpaka barazani. Kipa akasema ni kweli, kwa huzuni, ulikuwa mguu wa kushoto. Nikaandika, nikataja jina la aliyesema na mahali alipokuwa. Gazeti likatoa mistari miwili. Sefu alinuna mwezi mzima, kisha akapona mguu akafunga lake.

Jumapili hiyohiyo ya yule kipa niliomba kiti. Nikapewa kigoda, penye mstari wa katikati, na kopo la uzi nikabaki nalo mapajani, maana mashati yalikuwa bado kumi na moja.

Jioni Idi alirudi safari, akaingia akipiga kelele kutoka mlangoni kwamba lori moja limepinduka njia ya Ruhengeri na watu wamekwisha wote. Mwajuma akaanza kulia palepale, mama mkwe akashika kichwa.

“Ulikuwa umesimama wapi?” nikamwuliza.

“Mama Hawa, acha nivue viatu kwanza!”

“Ulikuwa wapi?”

Akakaa. Hakuwa ameona. Aliambiwa na utingo kwenye kituo cha mafuta, naye aliambiwa na mtu wa ng’ombe. Kesho yake tukasikia lori lilipinduka, limemwaga viazi, na dereva kavunjika jino.

Lakini sikungoja kesho. Niliwaita wote palepale sebuleni, Idi na viatu vyake mkononi, Mwajuma na machozi yake, mama mkwe pia, kwa heshima, na Hawa aliyekuwa bado hajui kusema. Nikawaambia: kuanzia leo, katika nyumba hii, anayeleta habari aseme kwanza alikuwa amesimama wapi. Kama hakuwapo, aseme hakuwapo, na aliyemwambia ni nani. Akishasema hayo, ndipo mtamwekea chakula.